Seli Zenye Fito Kumi na Tatu

6 Februari

Mke wangu mdogo, Pini,

Salamu zangu ni fupi kwa sababu karatasi ni fupi. Nusu yake bibi yako amewashia jiko. Mimi ni mzima. Yeye pia ni mzima, hasa mdomo.

Barua yako tumeipokea kwa kondakta wa basi, pamoja na ile michoro miwili. Bibi yako ndiye aliyenisomea, maana miwani yangu ilikaliwa na shangazi yako, na shangazi yako unajua akikalia kitu hakinyanyuki tena. Amesoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani unataka sanduku. Mara ya pili nilidhani unaumwa. Mara ya tatu ndipo nikaelewa kwamba unataka nikuchongee seli mbili za mbao, moja ya mnyama na moja ya mmea, kila moja kubwa kama ndoo, ili wanafunzi wako wazione na wazishike.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniwanga. Miaka hamsini nimetengeneza vitanda, milango, makabati, na jeneza moja la mtu ambaye alighairi kufa akaligeuza kabati la nguo. Kila mteja huja na kitu anachokijua. Wewe ni wa kwanza kuniletea oda ya kitu ambacho hakuna anayeweza kukiona kwa macho.

Unasema mwili wangu wote umejengwa kwa hizo seli, nyingi kuliko nywele za watu wote wa mji huu. Na kila moja ina mlinzi wa mlangoni, ina bosi, ina mashine za kutoa nguvu. Nimemwuliza bibi yako: na nani anafagia? Amenionyesha ufagio. Halafu eti seli ya mmea ina ukuta, ya mnyama haina. Yaani kabichi limejengewa ukuta, mimi nimeachwa na pazia? Rudia hapo, labda bibi yako ameruka mstari. Yeye alisomea masomo ya jioni, mimi darasa la nne nililiacha kabla halijaniacha. Ukitujumlisha hupati mwanafunzi mmoja mzima.

Lakini hili nimelielewa bila kurudiwa: Mkaguzi anakuja tarehe 20 Machi, na asiporidhika hutathibitishwa kazini, utafungasha virago urudi hapa kunishikia mbao. Basi nitachonga. Niambie tu kila kipande kinafanya kazi gani, maana fundi asiyejua kazi ya mlango huuweka juu ya paa.

Michoro nimeiweka karakana. Nimempiga bibi yako marufuku kuigusa. Yeye asome maneno. Michoro ni ya fundi.

Mumeo mzee,
Babu Randa


13 Februari

Babu yangu, mume wangu, shikamoo,

Bibi, tafadhali soma polepole, na usimruhusu akukatize.

Babu, nikueleze kwa nini nakusumbua. Mara ya kwanza Mkaguzi alipokuja nilichora seli ubaoni, nikaeleza, nikajisifu moyoni. Akamwuliza mwanafunzi mmoja seli ina umbo gani. Akajibu: bapa, kama sahani. Akawauliza wengine. Watoto sitini na wawili, wote: bapa! Mmoja akaongeza kwamba seli huishi ubaoni. Mkaguzi akaandika mstari mmoja kwenye faili langu: "Wanafunzi wanajua mchoro, hawaijui seli." Akiandika hivyo mara ya pili, sina kazi. Hadubini ya shule ina lenzi iliyopasuka. Ukichungulia unaona kope zako mwenyewe. Kwa hiyo tumaini langu ni mikono yako.

Sasa vipande. Utando ni ngozi nyembamba inayoizunguka seli; huchagua kinachoingia na kinachotoka. Ndani mna saitoplazimu, ute mzito kama ule mweupe wa yai, na vitu vyote vimo humo. Kiini ni duara; hutunza maagizo yote ya seli, ikue vipi, igawanyike lini. Mitokondria zina umbo la maharagwe na ndani zina mikunjo. Huko chakula huvunjwa kikatoa nguvu. Ribosomu ni punje ndogo ndogo zinazotengeneza protini. Hivyo vimo katika seli zote mbili. Mmea umeongezewa vitatu: ukuta mgumu nje ya utando, vakuoli kubwa katikati, ghala la maji, na kloroplasti, zinazokamata mwanga wa jua na kutengeneza chakula. Kloroplasti ni za kijani, Babu. Kijani kama jani.

Bibi hakuruka mstari. Mmea hauna mifupa, ukuta ndio unaousimamisha. Wewe una mifupa. Kila seli yako ingekuwa na ukuta, usingeweza kuinama kuokota msumari. Na wanaofagia wapo, wanaitwa laisosomu, ila sikuwachora kwa sababu mtihani hauwaulizi.

Nikutumie miwani mingine? Niambie namba yake.

Mkeo mdogo,
Pini


21 Februari

Pini, sindano ya moyo wangu,

Bibi yako alipofika kwenye "mitokondria" alipumzika, akanywa maji, akaendelea. Miwani usihangaike nayo. Mikono yangu inajua njia.

Utando nimeuelewa mara moja: ni bibi yako. Anakaa mlangoni, rafiki yangu akija mikono mitupu hapiti, akija na sukari anafika hadi jikoni. Nimeutengeneza kwa kitambaa cha mwavuli, nikakivisha kwenye waya, juu nikaacha wazi mkono uingie. Kiini ni mpira wa mbao ngumu, nimeupiga msasa mpaka unateleza. Ila sijamwelewa huyo bosi. Anatoa amri tangu asubuhi hadi jioni na hatoki ofisini? Saitoplazimu imenitoa jasho, maana ute hauchongeki. Nimejaza maranda ya mbao laini, nikayashika kwa gundi. Mitokondria nimezichimba ndani, nikazitia mikunjo kwa patasi ndogo. Ukuta wa mmea ni mbao ya inchi moja, nao juu uko wazi. Na vakuoli nimeifanya droo inayovutika, kwa sababu ghala lisilofunguka ni jeneza, na jeneza nilishatengeneza.

Kinachonichanganya ni fito.

Mke wangu, nimekaa na michoro yako siku mbili, nimeigeuza na kuigeuza. Kwa mnyama nimehesabu fito tano, kwa mmea nane. Zinaanzia ndani, zinatoboa utando, zinatoboa hata ukuta, zinachomoza nje kama miiba ya nungunungu. Mwisho wa kila moja umetia nakshi ndogo. Haya, nyingi zinashika kipande fulani, nimezichomeka kwa ulimi na tundu, hazing'oki hata kwa ng'ombe. Lakini mbili, moja katika kila seli, zinaingia ndani na hazifiki popote. Zinaishia kwenye maranda. Ufito unaoshika hewa! Nimejiuliza, au nao ni mkaguzi?

Barua yako imeeleza kila kitu isipokuwa fito. Zinafanya kazi gani kwenye seli? Na usinijibu kwamba mtihani hauziulizi.

Mumeo aliyechanganyikiwa,
Babu Randa


28 Februari

Babu, shikamoo,

Naandika haraka, nina madaftari sitini na mawili mezani, na kondakta anapiga honi.

Umenichekesha na utando. Usimwambie Bibi kwamba nimecheka, ingawa najua yeye ndiye anayekusomea.

Fito nadhani unasema zile za kusimamishia, ili seli zisibingirike mezani. Weka unavyoona inafaa, wewe ndiye fundi. Nakshi mimi sikuchora, lakini najua hakuna kitu kinachotoka karakana kwako bila urembo. Muhimu ni mzigo kufika kabla ya tarehe 15.

Kitu kingine. Barua yako ya mwisho mistari ilikuwa inapandana. "Ng'ombe" amelala juu ya "tundu". Na pembeni pana doa la kahawia. Ni nini?

Mkeo mdogo,
Pini


7 Machi

Pini wangu,

Doa ni chai. Mistari inapandana kwa sababu meza imepinda, na meza ya fundi daima ndiyo mbovu kuliko zote mtaani.

Mzigo umepakiwa. Nimemwambia kondakta ni seli, akauliza kama zinauma. Nikamwambia moja inauma, nyingine inakula jua. Ameziweka karibu na dereva, hathubutu kuzigusa.

Sasa sikia. Umenifungua akili na jibu lako la fito! Nimezijaribu mezani. Nimezilaza, nimezisukuma, nimezipiga teke dogo la heshima: hazibingiriki. Kumbe ndiyo kazi yake! Hii sayansi yenu si mbaya. Na sasa nimejua kwa nini mimi siku hizi napepesuka nikiamka kitini: fito zangu zimechakaa. Nimemweleza bibi yako, akaniangalia sana bila kusema kitu. Ukimwona bibi yako amekosa la kusema, ujue elimu imemwingia.

Kloroplasti nimezipaka mara mbili, kijani kibichi, mbuzi akipita atazila. Nimefanya kazi hii kama ya harusi yako. Huyo Mkaguzi akikukatalia baada ya hapa, mlete kwangu nimpime jeneza.

Mumeo mzee,
Babu Randa


14 Machi

Babu,

Mzigo umefika. Nimeufungua ofisini mbele ya mwalimu mkuu na walimu wenzangu. Wamecheka mpaka mwalimu wa hesabu amekaa chini.

Babu, zile ni mistari ya majina! Unapochora seli, unavuta mstari kutoka kwenye kipande hadi pembeni, ili uandike jina lake. Haimo ndani ya seli. Mtoto wa darasa la tano anajua hivyo. Wewe umeichonga yote kumi na mitatu, umeitia na nakshi. Seli ya mnyama inafanana na nungunungu, ya mmea na kabati lililopigwa mishale.

Na kila kitu kimegeuzwa. Kiini nilikichora kulia, umekiweka kushoto. Vakuoli imekwenda upande mwingine. Yaani kama mtu aliyetazama kwenye kioo.

Na kloroplasti, Babu. Nilikuandikia kijani kama jani. Umezipaka nyekundu. Nyekundu ya damu! Halafu unaniandikia eti mbuzi atazila.

Nimejaribu kukata fito kwa msumeno wa shule. Haziwezekani, nikikata moja kiini kinalegea. Hata hiyo droo sijaifungua, naogopa nitakuta umenitilia panya. Mkaguzi anakuja baada ya siku sita. Sina muda wa kutengeneza vingine wala sina wa kunitengenezea.

Tangu nikiwa mtoto nimependa utani wako. Lakini mara hii umenitania kwenye riziki yangu, na sielewi kwa nini. Nimejaribu kuelewa tangu asubuhi.

Mwalimu wa Sayansi


17 Machi

Mwalimu,

Barua imesomwa. Bibi yako alisoma mara moja tu, nikamwambia inatosha.

Ukitaka kukata fito, usitumie msumeno wa shule, una meno makubwa. Tafuta msumeno wa kukatia chuma. Anzia nje, acha urefu wa kidole kimoja, kata ukiuzungusha ufito, usiusukume. Kiini hakitalegea. Rangi kwangu ina majina tu siku hizi. Nyekundu, kijani, yote ni rangi. Mwambie Mkaguzi seli zilitengenezwa na mzee mlevi. Sijawahi kulewa, lakini nakuruhusu.

Sikukutania. Niliukuta mstari, nikauchonga. Mimi kila mstari wa mteja ni mbao, ndivyo nilivyofundishwa.

Babu


(Karatasi iliyokunjwa, iliyotiwa ndani ya droo ya vakuoli)

7 Machi

Mke mwenzangu,

Naandika haraka wakati mume wetu ametoka kumtafuta kondakta. Utanisamehe mwandiko.

Babu yako haoni. Mwaka sasa. Anaona mwanga na kivuli basi. Miwani haikukaliwa na mtu, ipo kabatini, haimsaidii kitu. Daktari wa zahanati alisema macho yana utando mweupe na yanatibika hospitali kubwa, lakini amekataa kwenda na ameniapisha nisikwambie. Anasema ukijua utaacha kazi uje kumwongoza njia, na wewe ndiye mwalimu wa kwanza katika ukoo.

Barua zake anaandika mwenyewe, anaweka ubao mwembamba juu ya karatasi aufuate kwa kidole. Juzi nimechungulia karakana. Nimemkuta ameugeuza mchoro wako kifudifudi, anaupapasa kwa nyuma. Wewe unakandamiza kalamu tangu darasa la kwanza. Nyuma ya karatasi mistari inasimama. Ndivyo alivyosoma mchoro wako wote, kwa ncha za vidole. Akishapapasa anapima kwa shubiri, anakata. Lile doa si chai. Alijikata.

Makopo ya rangi huyajua kwa mpangilio, nyekundu kushoto, kijani kulia. Nilifagia nikayapanga vingine. Nikimwambia atajua kwamba nimemchungulia. Rangi naona amekosea, na kosa ni langu.

Mimi sijui seli ina fito au haina. Yeye ameniambia zipo. Nimeiweka barua humu kwa sababu humu hataingiza mkono tena, kazi ameshaimaliza.

Mficha maradhi, unamalizia mwenyewe.

Mke mwenzio


20 Machi

Babu yangu, mume wangu, shikamoo,

Bibi, soma yote. Mpaka mwisho, hata akikwambia inatosha.

Leo saa nne Mkaguzi ameingia darasani. Ni mama wa makamo, miwani yake ameifunga kwa mnyororo shingoni, na hana desturi ya kuketi. Seli zako zilikuwa mezani na fito zake zote. Barua yako ya msumeno ilikuwa haijafika. Akazitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Akaniuliza, "Mwalimu, hivi ni nini?"

Ningesema nini? Kwamba babu yangu amenitania? Wakati natafuta neno, msichana wa dawati la mbele, ambaye mkono wake hautulii, akavuta droo.

"Mwalimu, vakuoli ina barua!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Nikaichukua kuificha, nikaona mwandiko wa Bibi. Nikaisoma nimesimama, mbele ya Mkaguzi na watoto sitini na wawili. Sijui ilichukua muda gani. Nilipoinua kichwa yule msichana alikuwa bado ameishika droo.

Babu, nikaziangalia seli tena. Nikaelewa kiini kwa nini kilikuwa kushoto. Nikaelewa kila kitu kilichokuwa kimenichanganya wiki nzima, na nikawa nimechanganyikiwa zaidi kuliko mwanzo, maana nilikuwa nimekukasirikia vibaya.

Nikawaambia watoto, "Fumbeni macho."

Nikamwita yule msichana kwanza. Nikamshikisha ncha ya ufito, pale penye nakshi. Nikamwambia, fuata kwa kidole hadi utakapofika, utuambie uko wapi. Akafuata. Akasema, "Napita kitu kigumu. Ukuta. Napita kitambaa, huu utando. Nimefika... kina mikunjo ndani. Mitokondria!"

"Inafanya nini?"

"Inavunja chakula, tunapata nguvu."

Akaja mwingine, akafika kwenye kiini, akasema kinateleza kama kichwa cha mjomba wake. Akaja wa tatu, akashika ule ufito wako unaoshika hewa. Akapapasa, akapapasa, akakunja uso. "Mwalimu, sijafika popote." Wenzake wakaanza kumcheka. Akaingiza vidole kwenye maranda, akapiga kelele, "Aa! Niko ndani ya saitoplazimu!"

Wakagombania, Babu. Ilibidi niwapange foleni.

Mkaguzi akawauliza swali lake lilelile: seli ina umbo gani? Nikashika meza. Hakuna aliyesema bapa. Mmoja nyuma kabisa akasema, "Ina ndani."

Basi yule mama akavua miwani, ikaning'inia kwenye mnyororo, akafumba macho, akashika ufito. Alikaa nao muda mrefu. Alipofumbua akaniambia, "Kloroplasti ni za kijani. Rekebisha. Na uwaambie waziwazi kwamba seli haina fito." Nikasema ndiyo, mama. "Nani amezichonga?"

Nikasema, "Babu yangu. Haoni."

Ndiyo mara ya kwanza nimelitamka. Akaandika kwenye faili, akaligeuza nilione. Neno moja tu: "Athibitishwe."

Sasa nisikilize wewe. Nisamehe kwa barua ile. Kosa la mstari ni langu. Uliniuliza kazi ya fito, nikakujibu kabla sijaelewa swali, mwalimu mzima. Lakini na wewe umejijengea ukuta mwaka mzima, na wewe si kabichi. Nimekueleza tangu mwanzo: una mifupa. Huna haja ya ukuta.

Shule inafungwa wiki ijayo. Nakuja, tunakwenda hospitali. Siachi kazi, na safari hii hata ukinifukuza siwezi kuiacha, nimeshathibitishwa. Ukikataa kwenda, nitamwambia kondakta wewe ni seli, akupakie karibu na dereva.

Mkeo mdogo,
Pini


2 Mei

Pini, mke wangu mdogo, mwalimu uliyethibitishwa,

Angalia mistari yangu. Hakuna ng'ombe aliyelala juu ya kitu. Ubao nimeutupa jikoni, bibi yako akawashia.

Jicho moja limefunguka vizuri, la pili watalifanya mwezi ujao. Nimewaambia wasiharakishe. Bandeji ilipotolewa, baada ya wewe kupanda basi, mtu wa kwanza niliyemwona ni bibi yako, na nikagundua kwamba amezeeka bila kuniaga. Nikamwambia hivyo. Akasema na mimi nijitazame. Nimejitazama. Kwa sasa jicho moja linatutosha sote wawili.

Halafu nikaenda karakana. Mwaka mzima nimefanya kazi humo, sikujua kuna utando wa buibui mkubwa vile. Nikaona makopo ya rangi, nikaona nani aliyapanga, nikanyamaza. Mwanamume wa makamo yangu akishajua nani alifagia, ananyamaza.

Nikautoa mchoro wako. Nikaugeuza upande wake wa mbele, kwa mara ya kwanza. Mwisho wa kila mstari, pale nilipokuwa nahisi vikwaruzo nikavichonga nakshi, kumbe ni jina, kwa herufi zako ndogo za kukandamiza. Kiini. Utando. Ribosomu. Nimeyasoma yote mwenyewe, bila kunywa maji. Ndivyo ulivyokandamiza kalamu ukiwa darasa la kwanza, ulipoandika jina langu kwenye mlango wa karakana. Na jina lipo bado, nimeliona.

Ule ufito uliokuwa unaishia hewani nimeuacha wa mwisho. Unajua ulininyima usingizi siku mbili, nikidhani nimepotea njia. Nikaufuata kwa jicho hadi pembeni, nikasoma: saitoplazimu. Basi nikakaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu, mpaka bibi yako akaja kuona kama nimeanguka. Kumbe nilikuwa nimeshafika siku nyingi.

Nasikia wanafunzi wako wamekataa fito kukatwa. Waambie ukweli kama Mkaguzi alivyosema, seli haina fito. Halafu waache washike.

Kesho kondakta atakuletea kopo la rangi na brashi. Nimekwenda dukani peke yangu. Muuzaji aliniuliza rangi gani, nikamwambia anyamaze, nikanyoosha kidole. Bibi yako anasema ni kijani. Simbishii, lakini safari hii sikumwuliza.

Mumeo mzee,
Babu Randa